Jinsi ya Kubuni Paneli ya Kuchezea ya Kabati la Gemu la Nyumbani: Mwongozo Kamili

Wengi wanaoamua kujitengenezea kabati la gemu, yaani zile mashine za kusimama zenye skrini, joistiki na vitufe vikubwa, huanzia kwenye skrini au kompyuta. Mimi nashauri uanzie kwenye paneli, yaani ule ubao wa joistiki na vitufe. Skrini unaweza kuibadilisha mwakani, na kompyuta iliyofichwa ndani hakuna anayeiona. Paneli ndiyo inayoguswa kila sekunde ya mchezo. Ikiwa vitufe vimebanana au viganja havina pa kuegemea, hata skrini ya bei mbaya haitakuokoa, watu watacheza mara mbili tatu kisha kabati ligeuke meza ya kuwekea vitu. Tena upana wa paneli ndio unaoamua upana wa kabati zima, kwa hiyo anayekata mbao za kabati kabla ya kuchora paneli anajifunga mikono mapema.

Mwongozo huu unahusu paneli ya wachezaji wawili, kila mmoja akiwa na joistiki moja na vitufe sita, inayounganishwa kwa USB na kompyuta ya kawaida au ile ndogo ya Raspberry Pi, yenye emuleta (programu inayoiga mashine za gemu za zamani) kama MAME. Ukitaka ya mchezaji mmoja, chukua nusu yake. Isipokuwa pale nilipotaja sentimita, vipimo vyote ni vya milimita.

Hatua ya 1: Andika gemu utakazocheza kweli

Chukua karatasi, andika gemu kumi ambazo wewe na watu wa nyumbani kwako mtazicheza kweli. Usiandike kila kitu ambacho emuleta inaweza kufungua. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia idadi ya vitufe, aina ya joistiki na umbali kati ya kimoja na kingine.

Mashine za zamani zilitofautiana sana. Pac-Man ya 1980 ilikuwa na joistiki peke yake, bila kitufe cha kuchezea hata kimoja. Donkey Kong ya 1981 ilikuwa na joistiki na kitufe kimoja cha kuruka. Asteroids ya 1979 haikuwa na joistiki kabisa, ilichezwa kwa vitufe vitano. Robotron ya 1982 ilitaka joistiki mbili kwa mtu mmoja, moja ya kutembea na nyingine ya kufyatulia risasi. Kisha 1991 ikaja Street Fighter II na vitufe vyake sita, ngumi tatu juu na mateke matatu chini, na mpangilio huo ndio uliobaki kuwa kipimo cha paneli nyingi hadi leo.

Vitufe sita vinatosha karibu kila kitu. The King of Fighters hutumia vinne, Tekken vinne, Mortal Kombat ya kwanza vitano, na Metal Slug hucheza vizuri kwa vitatu. Paneli nyingi za kisasa huwekwa vitufe vinane kwa kila mchezaji kwa sababu padi za PlayStation zina vinane. Kama orodha yako haina gemu ya kisasa inayovihitaji, viache. Kila kitufe cha ziada ni tundu la ziada, waya wa ziada, na kidole kinachopotea katikati ya pambano.

Onyo jingine linahusu vidhibiti vya pekee: mpira wa kuviringisha kwa kiganja unaotumika kwenye Centipede ya 1981, au kifundo cha kuzungusha cha Arkanoid ya 1986. Mtu huvipenda vyote, akavipachika vyote kwenye ubao mmoja, na matokeo yake ni paneli yenye upana wa mlango ambayo hakuna gemu inayochezeka vizuri juu yake. Ikiwa unaipenda Centipede kwa dhati, tengeneza paneli ya pili inayochomolewa na kuchomekwa. Weka USB moja kwa kila paneli na komeo mbili chini yake, na kubadilisha hakutachukua hata dakika moja.

Hatua ya 2: Chagua joistiki na vitufe kabla ya kuchora

Usichore kabla hujashika vifaa mkononi, au angalau kabla hujapata vipimo vyake kamili. Kuna familia mbili kubwa.

Ya kwanza ni ya Kijapani, na jina linalotajwa zaidi ni Sanwa. Joistiki yake, JLF, ina kichwa cha mpira mviringo na mpini mwembamba, nayo huhitaji nguvu kidogo tu kuisukuma. Vitufe vyake ni bapa, vyepesi, na huingia kwenye tundu la 30, huku vidogo vya kuanzia mchezo vikiingia kwenye tundu la 24. Ya pili ni ya Kimarekani, kama vifaa vya Happ, na mtindo huohuo hutengenezwa pia na Industrias Lorenzo ya Hispania. Joistiki zake zina kichwa kirefu kilichonenepa juu kama gongo la besiboli, ni ngumu zaidi, na huvumilia kushikwa kwa ngumi nzima. Vitufe vyake ni virefu, huingia kwenye tundu la takriban 28, na hubanwa kwa nati kubwa ya plastiki kutokea chini.

Tofauti hiyo si ya ladha peke yake, inagusa ubao wako. Vitufe vya Kijapani vya kubofya viliundwa kwa ajili ya bati jembamba: vina mbawa mbili za plastiki zinazong'ata ukingo wa tundu. Ukivitia kwenye ubao wa 18 havina pa kung'ata, vitakaa kwa siku chache kisha vitaanza kupanda juu. Ikiwa paneli yako ni ya mbao nene, nunua vya kuskrubia kwa nati. Joistiki nayo ina tatizo linalofanana: mpini wa JLF ni mfupi, na ukiifunga chini ya ubao wa 18 bila kuuchimba, mpira utakuwa chini mno na vidole vitagusa ubao. Joistiki za Kimarekani zimezoea mbao, mpini wake unatosha.

Seti za bei nafuu zinazouzwa mtandaoni, zenye joistiki mbili, vitufe ishirini na nyaya zake, nyingi zinaiga mtindo wa Kijapani. Ni mwanzo mzuri, na joistiki unaweza kuibadilisha baadaye ikiwa itachakaa. Lakini pima kila kitufe kwa venia (kipimo cha kubana) ukishakipokea, maana tangazo huandika 30 na mfuko ukaleta 28. Tundu lililozidi kitufe kwa milimita 2 halizibiki vizuri.

Kwa maoni yangu, mpenzi wa gemu za mapigano ambaye amekulia kwenye padi ya PlayStation atazoea mtindo wa Kijapani upesi zaidi, kwa sababu unataka mguso mdogo. Nyumba yenye watoto wanaovuta joistiki kwa nguvu zao zote inahitaji ya Kimarekani.

Kabla ya kulipa, angalia pia geti. Geti ni kile kipande cha plastiki chini ya joistiki kinachozuia mpini usipite mipaka yake. La mraba ndilo la kawaida kwenye JLF, nalo hukuwezesha kuhisi kona nne za mshazari. La pembe nane huongoza mpini kwenye kila upande kati ya pande nane. Muhimu zaidi ni kama joistiki inaweza kugeuzwa kuwa ya pande nne tu. Pac-Man na Donkey Kong hazijui mshazari. Ukiwa na joistiki ya pande nane, mpini utateleza kwenye kona, mchezo hautajua unataka juu au kulia, na Pac-Man atapitiliza njia uliyotaka aingie. Watu hulaumu emuleta, kumbe kosa liko kwenye geti. Kwenye joistiki nyingi geti hugeuzwa kwa kulegeza kipande cha chini na kukizungusha, kwa hiyo hakikisha paneli yako inafunguka kirahisi.

Hatua ya 3: Pima mikono, kisha chora

Weka kiganja chako cha kulia mezani, kilegeze, vidole vikunjike kidogo kama vinavyojikunja vyenyewe. Angalia ncha zake. Hazipo kwenye mstari mnyoofu: kidole cha kati kimetangulia mbele, cha shahada kiko nyuma yake, cha pete karibu kilingane na cha kati. Paneli nzuri hufuata upinde huo. Vitufe vilivyopangwa kwenye mistari miwili minyoofu huonekana nadhifu kwenye mchoro lakini hulazimisha mkono ukunjike kwenye kifundo, na baada ya nusu saa utausikia.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Katikati ya joistiki ndiyo sifuri. Namba ya kwanza ni umbali kwenda kulia, ya pili ni umbali kwenda mbele, yaani kuelekea skrini. Alama ya kutoa inamaanisha kurudi upande wa mchezaji.

Safu ya juu: kitufe cha kwanza 80 na 10, cha pili 113 na 28, cha tatu 149 na 23.
Safu ya chini: cha nne 80 na −29, cha tano 113 na −11, cha sita 149 na −16.

Kwa vipimo hivi, katikati ya kitufe kimoja hadi cha jirani yake ni kati ya 36 na 39. Usishuke chini ya 35, kwa sababu ukingo wa kitufe ni mpana kuliko tundu lake, na nati za chini zinahitaji nafasi ya kuzungushwa. Usipande sana juu ya 42 pia, la sivyo kidole kitaanza kuruka badala ya kuteleza. Mwenye vidole vifupi, au anayetengenezea watoto, aupunguze umbali wa 80 kati ya joistiki na kitufe cha kwanza hadi 70. Mwenye mabega mapana auongeze hadi 95.

Sasa panga wachezaji wawili. Chukua ubao wenye upana wa 700 na kina cha 300. Joistiki ya mchezaji wa kwanza iwe 100 kutoka ukingo wa kushoto na 150 kutoka ukingo wa mbele ulio upande wa tumbo lako. Ya mchezaji wa pili iwe 380 kulia kwake, yaani 480 kutoka kushoto. Vitufe vya mwisho vya mchezaji wa pili vitaangukia 629, na zitabaki kama sentimita 7 hadi ukingo. Ile 150 ya mbele usiibane. Ndiyo sehemu ya kuegemeza viganja, na paneli nyingi za mara ya kwanza huharibikia hapo: mchoraji anasogeza kila kitu karibu na ukingo huo ili paneli iwe nyembamba, halafu mikono inaning'inia hewani.

Upana wa 700 unawatosha watu wawili wanaopatana, ingawa mabega yatagusana. Kama chumba kinaruhusu, nenda hadi 900 na nafasi yote uliyoongeza iweke kati ya wachezaji. Usiitumie kutawanya vitufe. Kuna faida moja ya kubaki na 380 kati ya joistiki: mtu mmoja anaweza kushika zote mbili na kucheza Robotron kama ilivyokusudiwa.

Vitufe vya kuanzia na vya sarafu (vinavyoiga kutumbukiza sarafu) viweke mbali na mapigano. Kwenye ubao huu viende 260 kutoka ukingo wa mbele, na viwe vidogo, vya 24. Kitufe cha kutoka kwenye gemu kisikae juu ya paneli kabisa. Kitie ubavuni au chini ya ukingo, mahali ambapo lazima mtu akikusudie. Kama programu yako ni RetroPie hukihitaji: kubonyeza kwa pamoja kitufe cha kuanzia na kile ulichokisajili kama "select" hukutoa kwenye gemu.

Joistiki ikae kushoto. Wapo wanaouliza kuhusu wanaotumia mkono wa kushoto. Karibu gemu zote za mapigano ziliwekwa hivyo, na wengi wao wamezoea kwa sababu padi za nyumbani pia zina mwelekeo upande wa kushoto. Lakini ukitengeneza kwa ajili yako peke yako, na mkono wako unataka kinyume, geuza mchoro bila kumwomba mtu ruhusa.

Urefu na mlalo hupangwa hapahapa. Kwa mtu mzima anayecheza amesimama, uso wa paneli uwe karibu sentimita 95 kutoka sakafuni. Kwa anayekaa kwenye stuli fupi, sentimita 65 hadi 70. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kiwiko: simama wima, kunja mkono, na paneli iwe chini kidogo ya kiwiko chako. Nyuma ya paneli ipande kwa digrii 5 hadi 8. Ukizidisha, vifundo vya mikono vitakunjika kwenda juu.

Hatua ya 4: Cheza kwenye kadibodi kwanza

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nami nakusihi usiiruke. Chora mpangilio kwenye Inkscape, ambayo ni programu ya kuchorea ya bure, kisha uchapishe kwa asilimia 100. Programu nyingi za kuchapisha hupunguza ukurasa kimyakimya ili utoshee karatasi, kwa hiyo weka mstari wa milimita 100 pembeni ya mchoro na uupime kwa rula baada ya kuchapisha. Ukiwa na karatasi za A4 tu, chapisha vipande na uviunganishe kwa gundi ya karatasi.

Tafuta boksi gumu, la televisheni au jokofu. Kata kipande cha ukubwa wa paneli, bandika karatasi juu, toboa matundu kwa kisu chenye makali, na utie vitufe vyenyewe. Kadibodi ni nyembamba, hata vile vya kubofya vitashika. Joistiki ifunge kwenye kipande cha ubao chini ya kadibodi ili isiyumbe. Liweke boksi juu ya meza, lipandishe kwa vitabu hadi urefu uliopanga, unganisha nyaya kwa muda, na ucheze. Usijaribu kwa dakika tano tu, liache hapo siku kadhaa. Wape na wengine, hasa watu wawili kwa pamoja, kwa maana mgongano wa viwiko hauonekani mpaka pawe na wawili.

Unapocheza, chunguza mambo matatu. Je, kidole cha shahada kinapata kitufe cha nne bila kiganja kuinuka? Je, ukifumba macho mkono unarudi mahali pake? Je, kidole gumba kimepumzika au kinatafuta pa kukaa? Kila unachokigundua hapa kinagharimu karatasi moja. Ukikigundua baada ya kutoboa plaiwudi kinagharimu ubao mzima.

Hatua ya 5: Ubao na kutoboa

Nunua plaiwudi ya 18, iliyo nyoofu, isiyo na mapengo katikati ya tabaka zake. MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ni rahisi kuchonga na hutoa kingo laini, na sehemu kavu za bara inafaa kabisa. Lakini kwa anayeishi Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa au popote penye hewa ya bahari, unyevu na jasho la viganja huivimbisha MDF kuanzia kwenye matundu. Huko chagua plaiwudi, ikiwezekana ile ya kuvumilia maji. Mafundi wa samani, kama wale wa Keko jijini Dar, watakukatia kipande kinyoofu kwa mashine kwa dakika chache. Waachie ukataji wa mistari minyoofu, matundu utoboe mwenyewe au usimame pale yanapotobolewa.

Bandika mchoro juu ya ubao, kisha tia alama katikati ya kila tundu kwa msumari na nyundo ndogo, ukipenya karatasi. Toboa kwanza kitundu chembamba cha 3 kila mahali, pima upya umbali wote, halafu ndipo utumie biti ya duara, ile ambayo mafundi wa vitasa hutobolea milango. Funga ubao mbovu chini ya paneli kwa vibano, toboa hadi nusu, geuza, umalizie upande wa pili. Hivyo uso hauchaniki.

Kwa joistiki ya mpini mfupi, chimba mfuko upande wa chini wa ubao kwa mashine ya kuchonga mbao. Mfuko uwe mpana kidogo kuliko bati la joistiki, na uache ubao wa unene wa 6 juu yake. Ifunge kwa skrubu fupi zisizotokeza juu. Kabla ya kufunga chochote, hakikisha pia kwamba mihimili ya kabati iliyo chini haigusani na joistiki wala nyaya. Acha sentimita 8 za uwazi chini ya paneli ikiwa unatumia vitufe virefu vya Kimarekani.

Kuhusu umaliziaji sina mengi. Piga msasa, pitisha vanishi au rangi hadi ndani ya matundu, na ulainishe ukingo wa mbele uwe wa mviringo ili usikate viganja. Ukitaka picha juu ya paneli, ichapishe, iweke juu ya ubao, na uifunike kwa pespeksi (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) ya 3. Wenye maduka ya mabango wana mashine za leza, na ukiwapelekea faili lako la Inkscape watakata pespeksi pamoja na matundu yote kwa usahihi ambao mkono hauwezi. Ukiitoboa mwenyewe, acha karatasi yake ya kinga, ibane kati ya mbao mbili, na uzungushe drili polepole, kwa sababu joto huiyeyusha na haraka huipasua. Kumbuka pia kwamba pespeksi inaongeza 3 kwenye unene wa paneli, na mpini wa joistiki unapoteza kiasi hicho.

Hatua ya 6: Nyaya na enkoda

Enkoda ni kadi ndogo inayogeuza mbonyezo wa kitufe kuwa ishara ya USB. Hesabu kwanza unachohitaji: kila mchezaji ana pande nne za joistiki, vitufe sita, cha kuanzia na cha sarafu, jumla 12. Wawili ni 24.

Njia rahisi ni enkoda mbili za bei nafuu zinazouzwa kwa jina la Zero Delay, moja kwa kila mchezaji. Nyaya zake huja tayari zikiwa na plagi, unachomeka tu. Udhaifu wake ni kwamba kadi mbili zinazofanana kabisa huonekana kwa kompyuta kama kitu kimoja, na ukiwasha upya mchezaji wa kwanza anaweza kugeuka wa pili. Kuzichomeka daima kwenye matundu yaleyale ya USB husaidia, ingawa si mara zote. Njia iliyotulia zaidi ni kadi moja inayojitambulisha kama kibodi kwa wachezaji wote wawili, kama I-PAC ya Ultimarc. Anayependa kuandika programu anaweza kutumia Raspberry Pi Pico, ambayo ina pini 26 za kutumia: 24 za wachezaji na mbili za ziada kwa kutoka na kusitisha. Kadi za Arduino Leonardo pia hujitambulisha kama kibodi, ila pini zake ni chache. Kuvunja kibodi kuukuu na kuchomelea nyaya sikushauri. Kibodi za kawaida hushindwa kutambua baadhi ya vitufe vikibonyezwa vingi kwa pamoja, na wachezaji wawili hubonyeza vingi kila wakati.

Kila kitufe kina miguu miwili. Mmoja huenda kwenye pini yake ya enkoda, mwingine kwenye waya wa pamoja unaopita kitufe hadi kitufe na kuishia kwenye pini ya "GND". Kwenye Zero Delay waya huo wa pamoja hauhitajiki, kila plagi inao tayari. Vitufe vya Kimarekani vina maikroswichi yenye miguu mitatu: tumia ulioandikwa COM na ulioandikwa NO. Kitufe kinachojibonyeza chenyewe kila wakati, na kuacha ukikibonyeza, kimeunganishwa kwenye NC.

Tumia viunganishi bapa vya kubana kwa koleo, vile vya mafundi umeme wa magari, badala ya kulehemu, ili kitufe kikichakaa ukichomoe tu. Pima upana wa miguu kabla ya kununua: vya Sanwa ni 2.8, vya Kimarekani kwa kawaida 4.8. Waya mwembamba wa nyuzinyuzi unatosha kabisa, umeme unaopita ni mdogo mno. Tumia rangi moja kwa waya wa pamoja na nyingine kwa kila mchezaji.

Joistiki huwachanganya wengi hapa. Ukisukuma mpini juu, sehemu yake ya chini hushuka kuelekea kwako na kubonyeza swichi ya upande wa chini. Kwa hiyo swichi ya "juu" iko chini, na ya "kulia" iko kushoto.

Umeme wa ukutani, wa volti 230 au 240, usiingie ndani ya paneli kwa sababu yoyote. Paneli nzima inaendeshwa na volti 5 za USB. Vitufe vyenye taa viwe vya volti 5, na adapta, swichi kuu na soketi vikae chini ndani ya kabati, mbali na mahali ambapo mkono wa mtoto unaweza kupenya. Paneli ifunge kwa bawaba upande wa mbele na komeo upande wa nyuma ili ifunguke kama kifuniko cha sanduku, na nyaya uziachie ulegevu wa kutosha ili isivute chochote ikifunguliwa.

Hatua ya 7: Kupanga vitufe kwenye gemu na kujaribu

Kabla ya kufungua gemu yoyote, jaribu kila swichi peke yake. Kwenye Windows andika joy.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwenye Linux tumia jstest-gtk. Enkoda ya kibodi ijaribu kwenye ukurasa mtupu wa kuandikia. Bonyeza kila kitufe mara kadhaa, kisha bonyeza sita kwa pamoja huku umeshika mshazari.

MAME ina mpangilio wake wa awali. Mchezaji wa kwanza hutumia mishale, halafu Ctrl ya kushoto, Alt ya kushoto, nafasi, Shift ya kushoto, Z na X kwa vitufe sita. Namba 5 ya kibodi ni sarafu na 1 ni kuanza. Kwa mchezaji wa pili ni 6 na 2. Mchezo ukiwa wazi, Tab hufungua menyu ambamo unaweza kubadilisha vitufe vya gemu hiyo peke yake, na utaihitaji mara kwa mara.

Street Fighter II huingia bila kufikiri, ngumi nyepesi, ya kati na nzito juu, mateke kwa mpangilio uleule chini. The King of Fighters ipange hivi: ngumi nyepesi kitufe cha kwanza, ngumi nzito cha pili, teke jepesi cha nne, teke zito cha tano. Tekken weka mraba huohuo, mkono wa kushoto na wa kulia juu, mguu wa kushoto na wa kulia chini. Mortal Kombat ilikuwa na kitufe cha kukinga katikati ya vingine vinne, kwa hiyo ngumi ya juu iwe cha kwanza, teke la juu cha tatu, ngumi ya chini cha nne, teke la chini cha sita, na kukinga kiwe cha pili au cha tano kulingana na kidole chako kinavyopenda. Gemu za kitufe kimoja zipe cha nne, siyo cha kwanza, maana ndicho kilicho karibu zaidi na kiganja kinapopumzika.

Ukimaliza, chapisha mchoro wa nyaya wenye namba za pini na rangi zake, uufunike kwa plastiki, na uubandike upande wa chini wa paneli. Nunua pia vitufe viwili na maikroswichi mbili za akiba, uziweke kwenye mfuko ndani ya kabati. Cha kwanza kuchakaa huwa ni ngumi nyepesi ya mchezaji wa kwanza.